Mama Aelezwe Kabla ya Kupimwa

Kiswahili kimewatunuku watoto wawili wa kila nyumba majina yao maalumu: wa kwanza ni kifungua mimba, na wa mwisho ni kitinda mimba. Katika mwambao wetu, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, na huko bara kwenye vijiji vya Ganze na Magarini, kitinda mimba mara nyingine huzaliwa mama akiwa amekwisha kuvuka miaka arobaini, na si ajabu akawa mdogo kuliko mpwa wake. Kwa hivyo mimba ya umri mkubwa si jambo geni kwetu, wala si jambo la mabibi wa mjini tu walioahirisha kuzaa kwa sababu ya masomo na kazi. Hao nao wapo, na wengi wao ni walimu wenzetu. Lakini yupo pia mama wa miaka 41 aliyekwisha kuzaa mara tano au sita, aliyedhani kwamba amemaliza, kisha akajikuta ni mja mzito kwa mara nyingine.

Mama huyu akifika kliniki siku hizi, hususan kliniki ya kulipia, huenda akaambiwa kwamba kwa umri wake ni vyema apimwe ili ijulikane kama mtoto aliye tumboni yuko sawa. Sentensi hiyo ni fupi, ina huruma, na yamkini imesemwa kwa nia njema. Hata hivyo ndani yake mna makosa mawili, na makosa hayo ni ya lugha kabla hayajawa ya tiba. Kwanza, kipimo anachopewa mara nyingi hakina uwezo wa kujua kama mtoto yuko sawa. Uwezo wake ni wa kukisia. Pili, maneno "ni vyema" yameketi mahali palipostahili maneno "ukipenda". Ninalotaka kulisema ni kwamba hiari ya kupimwa au kutopimwa ni ya mama, na kwamba hiari hiyo haipo kamwe ikiwa maneno aliyopewa hayatenganishi baina ya kukisia na kuthibitisha.

Tuanze na yale yanayojulikana. Seli za mwili wa binadamu kwa kawaida huwa na kromosomu 46. Mara nyingine mtoto hupata kromosomu moja ya ziada, ile ya namba 21, akawa na 47. Hali hiyo huitwa sindromu ya Down, kwa jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866 bila ya kujua chanzo chake. Mwaka 1933 mtaalamu mwingine wa Uingereza, Lionel Penrose, alionyesha kwamba inahusiana na umri wa mama wala si wa baba. Ilipofika 1959 Jérôme Lejeune na wenzake wa Paris wakatangaza kwamba wameiona hiyo kromosomu ya ziada. Nayataja haya kwa sababu katika vijiji vyetu ungali unasikia kwamba mtoto wa namna hiyo ameletwa na pepo, au na jicho la jirani, au na kosa alilolifanya mama yake. La hasha! Ni ajali ya mgawanyiko wa seli, na hakuna jirani wala mke mwenza aliyeisababisha.

Umri huongeza uwezekano wa ajali hiyo, na takwimu zake ni maarufu. Kwa mama wa miaka 20 uwezekano ni kama 1 kwa 1,500. Kwa wa miaka 30 ni kama 1 kwa 900, kwa wa miaka 35 kama 1 kwa 350, kwa wa miaka 40 kama 1 kwa 100, na kwa wa miaka 45 kama 1 kwa 30. Mwalimu anaweza kuzisoma tarakimu hizi kwa njia mbili mbele ya darasa. Akisema kwamba mama wa miaka 40 yumo katika hatari mara kumi na tano kuliko msichana wa miaka 20, darasa litaguna. Akisema kwamba miongoni mwa akina mama 100 wa umri huo 99 hawatazaa mtoto mwenye hali hiyo, darasa litatulia. Hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni sentensi. Atakayeniambia kwamba lugha ni pambo tu la sayansi na anieleze jambo hilo.

Na huo mpaka wa miaka 35, ambao kliniki zetu huutaja kana kwamba umeteremshwa, haukuchorwa na maumbile. Katika miaka ya 1970 kipimo cha pekee kilichopatikana kilikuwa cha kuchoma sindano tumboni na kuvuta maji ya uzazi, na sindano hiyo yenyewe huweza kuharibu mimba. Madaktari wa nchi tajiri waliangalia ni katika umri gani uwezekano wa kukuta tatizo unakaribia kulingana na uwezekano wa kuharibu mimba, wakasimama kwenye 35. Mwili wa mwanamke haugeuki usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe, maana hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza. Tuna neno moja, kipimo, ambalo hubeba vitu viwili visivyofanana. Cha kwanza ni kipimo cha kukisia. Baina ya wiki ya 11 na ya 14 mama hupigwa picha ya ultrasaundi, ukapimwa upana wa ute ulio nyuma ya shingo ya mtoto, na damu ya mama ikachukuliwa ili kupima kemikali mbili. Kisha kompyuta huyachanganya hayo na umri wake, ikatoa uwezekano. Kipo pia cha kisasa zaidi, kilichotokana na ugunduzi wa Dennis Lo wa Hong Kong na wenzake mwaka 1997 kwamba chembechembe za urithi za mtoto huelea katika damu ya mama. Hicho kilianza kuuzwa mwaka 2011, na bei yake hapa nchini si ya mwalimu wala ya mvuvi. Cha pili ni kipimo cha kuthibitisha: ile sindano ya maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, au kukata kipande kidogo cha kondo la nyuma kabla ya hapo. Kipimo cha kukisia hakimdhuru mtoto, lakini hakithibitishi. Cha kuthibitisha hutoa jibu la hakika kuhusu kromosomu, lakini huambatana na uwezekano mdogo wa mimba kuharibika, ambao siku hizi hukadiriwa kuwa chini ya 1 kwa 200.

Mvuvi wa Mayungu akivuta wavu wake na kuuona mzito hasemi amepata changu. Anajua kwamba wavu huleta samaki, huleta mwani, na mara nyingine huleta jiwe. Kipimo cha kukisia ni wavu. Tuchukulie akina mama 1,000 wa miaka 40. Kwa takwimu tulizozitaja, 10 kati yao wamebeba mtoto mwenye sindromu ya Down. Tuseme kipimo cha picha na damu kina uwezo wa kunasa 9 kati ya kila 10, na kwamba huwanasa kimakosa watu 5 katika kila 100 wasio na tatizo. Hivyo ndivyo kinavyosifiwa kwa kawaida. Basi kitawanasa 9 walio na tatizo, na pamoja nao karibu 50 wasio nalo. Wanaotoka kliniki na karatasi ya kutisha ni 59, na kati yao 50 wametishwa bure. Mmoja naye amepita katika tundu la wavu, akaenda nyumbani akishangilia. Hicho cha chembechembe za urithi kina tundu dogo zaidi: kwa mama wa umri huo, jibu la kutisha huwa kweli mara nyingi mno kuliko kuwa uongo. Lakini kipeleke kwa wasichana wa miaka 20 nawe utakuta kwamba sehemu kubwa zaidi ya majibu ya kutisha si kweli, kwa sababu tu tatizo lenyewe ni adimu kwao. Hata nacho, kwa hivyo, hakithibitishi.

Jamaa yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi viungani mwa Malindi, alipewa karatasi iliyoandikwa 1:85 akiwa na umri wa miaka 42. Aliyempa alitamka lile neno la Kiingereza ambalo vitabu vyetu hulitafsiri kuwa "chanya", kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni. Jioni alinipigia simu. Alinipigia mimi kwa sababu watu wa kwetu huniita daktari, ingawa udaktari wangu ni wa sarufi na hauwezi kutibu hata mafua. "Dada," akaniambia, "mtoto wamemwona na ugonjwa." Nikamwomba anisomee karatasi neno kwa neno. Hapakuwa na ugonjwa popote. Palikuwa na tarakimu iliyosema kwamba katika akina mama 85 wenye matokeo kama yake, 84 hawatazaa mtoto mwenye hali hiyo. Na si hilo tu. Kwa umri wake wa miaka 42, hata kabla ya kutolewa tone la damu, uwezekano wake ulikuwa kama 1 kwa 65. Kipimo kilikuwa kimempunguzia! Karatasi ilimtia katika kundi la kutisha kwa sababu tu maabara nyingi huweka kizingiti chao mbali zaidi ya hapo, kwa mfano 1 kwa 150, na kila aliye ndani ya kizingiti huhesabiwa amenaswa.

Watu niliowasimulia kisa hiki huniuliza mtoto alizaliwa vipi. Sijibu, kwa kuwa swali hilo huhamisha mjadala. Kama mtoto alikuwa na kromosomu 46 au 47, mama yake alistahili kuelezwa vilevile, na siku zile alizokaa bila ya usingizi zilikuwa zilezile.

Tatizo ni kwamba katika mwambao huu neno "chanya" lina historia. Tangu kliniki za wajawazito zianze kupima virusi vya UKIMWI, kupimwa na kuambiwa chanya kumekuwa na maana moja tu: unacho. Kile ni kipimo ambacho, kikirudiwa na kuhakikishwa, husema ndiyo au siyo, na baada ya ndiyo kuna dawa za kumkinga mtoto. Mama aliyezoea kipimo hicho, na kile cha kaswende, na kile cha kundi la damu, atakisikiaje kipimo cha kukisia isipokuwa kwa sikio hilohilo? Neno "hatari" nalo halisaidii. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba kuna hatari, hatafuti kalamu apige hesabu, anatafuta mlango. Huko Uingereza wahudumu wa mpango wa taifa wa vipimo hivi wameshaacha kuzungumzia hatari kubwa na hatari ndogo, wakachagua neno lenye maana ya uwezekano. Sisi neno hilo tunalo, zuri na la siku nyingi, na wanafunzi wetu hulikuta katika somo la hesabu, lakini kwa bahati mbaya hulikuta kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyepata alama za juu katika mada hiyo hawezi kumfafanulia mama yake karatasi ya hospitali.

Kuna ugumu mwingine, nao si wa daktari bali ni wetu. Mila zetu, za Waswahili na za Wamijikenda, hazipendi mimba itajwe mapema. Mwanamke huificha miezi mitatu ya kwanza au zaidi kwa kuhofia kijicho, akangoja mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Mama wa miaka 42 huificha zaidi, kwa kuwa ana haya mbele ya mabinti zake waliokwisha kuolewa. Sasa tazama kalenda: kipimo cha kwanza hufanywa baina ya wiki ya 11 na ya 14, yaani katika siku zilezile ambazo desturi inamwambia anyamaze. Akifika kliniki mwezi wa tano mlango huo umeshafungwa, na hakuna aliyemwambia kwamba uliwahi kuwa wazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siwabezi wanaoficha, husuda ni kitu kinachoumiza, iwe ni ya macho au ya ulimi. Lakini kumwambia mkunga si kuutangazia mtaa, na tofauti hiyo mabinti zetu wanaweza kufundishwa.

Baada ya jibu, je? Hapa watu wengi huona haya kusema, nami nitasema. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26, inasema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na hairuhusu kutoa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefuzu, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Hali ya mtoto haimo katika orodha hiyo. Waislamu wa Malindi watakumbuka kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwezi Februari 1990, liliruhusu jambo hilo kabla ya siku 120 kwa masharti mazito: kasoro iwe kubwa na isiyotibika, ithibitishwe na jopo la madaktari wanaoaminika, na wazazi wenyewe waombe. Siku 120 za wanazuoni ni kama wiki ya 19 kwa hesabu ya hospitali, na sindano ya kuthibitisha haichomwi kabla ya wiki ya 15, tena majibu yake hungojewa. Anayetaka kuifuata fatwa hiyo atajikuta ana muda mchache sana, na juu yake iko sheria ya nchi iliyo nyembamba kuliko fatwa. Sikusudii kuamua hapa nani ana haki katika mabishano hayo ya zamani. Nasema tu kwamba mama anastahili kuyajua haya kabla ya damu yake kutolewa.

"Kama hutatoa mimba, unapima ya nini?" Swali hili huulizwa kwa ukali, na wanaoliuliza hudhani wamefunga mazungumzo. Lina majibu, tena mazuri. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi yao na matumbo yaliyoziba. Mtoto wa namna hiyo akizaliwa karibu na wataalamu wa watoto wachanga ana nafasi ambayo hana akizaliwa usiku, kilomita nyingi kutoka barabara ya lami. Tena wako wazazi ambao nafsi zao hutulia wakijua mapema, wakapata miezi ya kulia, kuuliza na kujiandaa, hata siku ya uzazi ikawa siku ya furaha. Lakini wako vilevile ambao kujua kungewanyang'anya miezi yote iliyobaki, nao husema: atakayekuja nitampokea. Huyu naye amejibu kwa akili timamu. Sikubaliani na wauguzi wanaomwona kama mjinga au mkaidi. Bango la "kinga ni bora kuliko tiba" linalobandikwa ukutani halihusu jambo hili hata kidogo, kwa kuwa kipimo cha kromosomu hakikingi chochote; kinaarifu tu.

Na nitaongeza jambo ambalo wauzaji wa vipimo hawatalifurahia. Kwa mama wa miaka 42 wa Kilifi mwenye watoto sita, kromosomu si jambo la kwanza la kuhofia. La kwanza ni shinikizo la damu, na kisukari cha mimba, na upungufu wa damu, na kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, ambako huwapata kwa urahisi zaidi waliozaa mara nyingi. Hayo ndiyo yanayoua. Mashine ya kupima shinikizo la damu ni ya bei nafuu, na jibu lake halihitaji ufafanuzi wa uwezekano. Mtu akiwa na fedha za kipimo kimoja tu, na kliniki ikamwelekeza kwenye kile cha ghali huku shinikizo la damu halijapimwa tangu mwezi jana, hiyo ni biashara. Wilson na Jungner, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, waliandika kanuni za vipimo vya aina hii, na mojawapo ni kwamba pawepo mahali pa kuthibitisha na kutibu kabla ya kuanza kuwapima watu. Kliniki isiyoweza kumwambia mama aende wapi baada ya jibu haina haki ya kuchukua damu yake, wala fedha zake.

Je, tunaomba makubwa? Hapohapo Kilifi, tangu mwaka 1989, wako watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust. Mtafiti wa huko hawezi kuchukua damu ya mtoto wa Kigiriama bila ya kumweleza mzazi, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, kinachofanywa na sababu yake, na kwamba ana haki ya kukataa. Hata hivyo, watafiti wao wenyewe walipochunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2004, waligundua kwamba wazazi wengi hawakuelewa vizuri walichokikubali. Utafiti waliuona kuwa ni matibabu. Hilo ndilo la kutia hofu. Ikiwa penye fomu zilizotafsiriwa, penye watu waliofunzwa kueleza, maana bado huponyoka, itakuwaje pale ambapo hakuna aliyejaribu? Na sheria haiko kimya. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa njia zilizopo, faida zake, madhara yake na gharama zake, na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana, na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hivyo karatasi ya 1:85 iliyotolewa bila ya maneno ni zaidi ya ukosefu wa adabu.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Udhaifu huo si wa lugha. Katika miaka ya 1980 Kiswahili kiliunda neno UKIMWI, na ndani ya neno lenyewe mkawa na maelezo: upungufu wa kinga mwilini. Ugonjwa wa damu unaoshambulia watoto wengi wa Kilifi tunao jina lake, selimundu, seli iliyopinda kama mundu. Hata mtoto wa darasa la tatu ataichora. Na huko kwenye selimundu ndiko uwezekano unakoumiza zaidi. Wazazi wawili wenye chembe za ugonjwa huo huambiwa kwamba uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa ni 1 kwa 4, nao hufahamu kwamba wakishampata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kumbe ni 1 kwa 4 kila mimba, upya, kama kurusha sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka jana. Umri wa mama hauhusiki huko kabisa. Nimeyasikia makosa haya kutoka kwa watu waliosoma, na sikuwacheka, kwa sababu walifundishwa hesabu kwa lugha moja na kuzaa kwa lugha nyingine.

Mimi ningependekeza tuseme kipimo cha kukisia na kipimo cha kuthibitisha, basi. Si maneno ya kuvutia, na wenzangu wa idara za lugha wanaopenda istilahi za Kiarabu au za kubuniwa wataniona mvivu. Lakini muuguzi wa Malindi atayaweza leo, bila ya semina, na mama wa Chakama atayaelewa kabla ya kuketi. Kusema "uchujaji" kunanitia wasiwasi: kwetu kinachochujwa ni tui, na machicha hutupwa. Wanaoishi na watoto hawa watalisikia neno hilo vibaya, na watakuwa na haki.

Walimu wa hesabu wa kidato cha tatu, mnapofika kwenye uwezekano, wacheni siku moja dadu na mipira ya rangi, mchukue wale akina mama 1,000 wa miaka 40, na mwafanyishe wanafunzi hesabu hiyo kwa Kiingereza cha mtihani na kwa Kiswahili cha nyumbani. Walimu wa Kiswahili, wapeni kazi ya kumwandikia barua shangazi aliyepokea karatasi ya 1:85. Mtashangaa jinsi itakavyokuwa ngumu, na jinsi watakavyoipenda.

Na mama mwenyewe, kabla ya kukunja mkono wa gauni, na aulize: hiki ni cha kukisia au cha kuthibitisha? Kikinasa, nitapelekwa wapi, kwa fedha za nani, na katika wiki ya ngapi? Nikikataa, kliniki hii itaendelea kunihudumia kama kawaida? Shinikizo langu la damu leo ni ngapi? Akijibiwa kwa Kiingereza asichokielewa, asitikise kichwa kwa heshima kama tulivyozoea. Na aombe ajibiwe tena, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, na anayemjibu aketi.